Vitamini na kemo ya saratani ya damu: soma hii kabla hujamnunulia mgonjwa wako kitu

Nafanya kazi ya famasi hapa Kisumu, upande wa Kondele, na hakuna wiki inapita bila mtu kuja kaunta aniambie "daktari, nipe kitu ya kuongeza damu, mgonjwa wangu ametoka kemo hana nguvu kabisa". Mimi si daktari, ni mfamasia, lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe ushakuwa daktari. Mtu mwenyewe ameshika pesa mkononi, imechangwa na ndugu, na anataka kurudi nyumbani na chupa leo hii. Namuelewa sana. Ukimwona mtoto wako ama mzee wako amekonda hivyo, hata nusu kikombe cha uji hamalizi, huwezi kukaa tu.

Mimi humuuliza swali moja kwanza: kemo anayopewa, yaani dawa ya kuua saratani, inaitwaje? Na wengi hawajui. Ndio maana nimekaa chini nikaandika hii yote, juu swali la "apewe vitamini ama asipewe" halina jibu mpaka ujue jina la dawa. Foliki asidi ile ile inayomsaidia mtoto wa jirani mwenye sikoseli inaweza kuvuruga dawa ya mtoto wako wa lukemia. Kalsiamu ile ile mgonjwa mmoja wa mayeloma anaandikiwa na daktari, na wa kitanda kinachofuata anakatazwa kabisa. Kwa hivyo mtu akikuambia vitamini ni nzuri kwa kila mgonjwa wa kemo, ama akikuambia zote ni mbaya, huyo hajui anachosema.

Hapa naongelea saratani za damu tu: lukemia, limfoma, na mayeloma ile inayokula mifupa. Limfoma ni pamoja na Burkitt, ile ya watoto kuvimba taya ambayo sisi wa kando ya ziwa tunaijua sana, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Saratani zingine zina mambo yake.

Hatua ya 1: pata majina ya dawa, yameandikwa

Usitoke kliniki bila majina. Iwe ni JOOTRH, hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu ambayo wazee wetu bado wanaita Russia, iwe ni Moi kule Eldoret, ama Nakuru pale watu hawajaacha kuita PGH, faili ya mgonjwa ina karatasi ya mpango wa kemo. Mwombe nesi wa kemo akuandikie ama akuruhusu upige picha na simu. Omba kwa heshima lakini omba, si siri ya mtu, ni mwili wa mgonjwa wako.

"Ile nyekundu" si jina. "Ile ya mgongo" si jina. Ile nyekundu mara nyingi ni doksorubisini na ile ya mgongo mara nyingi ni methotreksati, lakini usikisie, pata jina. Pia kuna vifupisho kama CHOP ambavyo vinachanganya watu: ndani yake kuna siklofosfamaidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, na hiyo O imetoka kwa Oncovin, jina la kibiashara la vinkristini, kwa hivyo ukitafuta dawa inayoanza na O hutaipata. Ikiwa na R mbele, wameongeza ritusimabu.

Andika pia siku. Kama ni tembe za methotreksati za kumeza nyumbani, kwenye lukemia huwa ni mara moja kwa wiki, siku moja ile ile, na kosa la kuzimeza kila siku limeua watu. Nimeweka hapa hata kama si mambo ya vitamini juu ndiyo kosa ninaloliogopa kuliko yote kwenye kaunta yangu. Andika siku hiyo kwa boksi na kalamu kubwa.

Halafu andika dawa zingine zote. ARV, dawa za TB, presha, sukari, Septrin. Utaona mbele kwa nini.

Hatua ya 2: weka kila kitu kwenye mfuko mmoja

Chukua mfuko, zunguka nyumba, weka ndani kila kitu ambacho mgonjwa anameza, anakunywa ama anapaka. Multivitamini. Sirapu ya damu. Zile tembe za kuchemka kwa maji. Unga wa moringa, mwarobaini, shubiri, mukombero, chai ya kijani, vidonge ambavyo dada wa kanisa alileta, biotini ya nywele. Hata kile alichokiacha wiki iliyopita. Watu huficha miti shamba hospitali juu wanaogopa kugombezwa, na mimi nasema afadhali ugombezwe. Daktari akiona ini limepanda kwa vipimo na hajui mgonjwa anakunywa kitu kingine, anaweza kupunguza dozi ya kemo ama kuisimamisha, na kumbe shida ilikuwa kwa ule unga wa kwenye mkebe.

Ukishaweka, soma kiwango kwenye lebo. Mtu mzima kwa siku anahitaji vitamini C kama miligramu 75 hadi 90, na tembe moja ya kuchemka huwa na 1,000. Foliki asidi anahitaji mikrogramu 400, na ile tembe ndogo ya njano ya miligramu 5 ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Vitamini B6 ni miligramu 1.3 hivi, na zile tembe za neva nyingine zina 100 hadi 200. Hapo ndipo neno "vitamini" linatudanganya, juu tunadhani ni chakula kwa tembe, na kumbe kwa kiwango hicho tayari ni dawa na ina kazi yake mwilini. Multivitamini ya kawaida ambayo kila kitu ndani yake kiko karibu na mahitaji ya siku moja mara nyingi madaktari hawana shida nayo, ila hata hiyo ina foliki, kwa hivyo endelea kusoma.

Hatua ya 3: linganisha jina la kemo na kilicho kwa mfuko

Hii ndiyo kazi yenyewe, usiruke.

Methotreksati. Dawa hii inafanya kazi kwa kuzuia matumizi ya foleti, ile vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake, ndani ya seli. Seli ya saratani inagawanyika haraka, inataka foleti nyingi, dawa inafunga mlango. Sasa wewe ukimpa mgonjwa foliki asidi kutoka nyuma unafungua mlango ambao daktari amefunga. Hii si nadharia ya juzi. Miaka ya 1940 kule Boston daktari Sidney Farber aliona watoto wenye lukemia wakipewa vitu vya jamii ya foliki ugonjwa unaonekana kukimbia zaidi, akageuza wazo, akatafuta kitu cha kuzuia foliki, na mwaka 1948 akachapisha habari za watoto 16 ambao 10 kati yao walipata nafuu ya muda kwa aminopterini, ndugu mkubwa wa methotreksati. Kemo ya lukemia ya watoto ilianzia kwa kuinyima saratani vitamini. Kila nikifikiria hiyo nashangaa venye sisi tunakimbia kumrudishia mgonjwa kitu kile kile.

Kwa hivyo mgonjwa wa saratani aliye kwa methotreksati asipewe foliki asidi, wala multivitamini yenye foliki, wala sirapu ya damu yenye foliki, mpaka daktari wake aseme. Na hapa watu wanachanganyikiwa mara mbili. Ya kwanza, utamsikia mtu wa ugonjwa wa viungo vya mikono anasema "mimi niko kwa methotreksati na daktari ndiye ameniandikia foliki". Ni kweli, lakini yake ni dozi ndogo na si ya kuua saratani, yeye analindwa asiumizwe na dawa. Ya pili, hospitalini wakimpa mgonjwa methotreksati nyingi kwa dripu, baada ya kama saa 24 au zaidi wanaanza kumpa leukovorini, ambayo nayo ni ya ukoo wa foleti. Hiyo ni ya kuokoa seli zenye afya baada ya dawa kufanya kazi, inapewa kwa saa zake na kwa kufuata kipimo cha damu. Usiiache hata dozi moja ukidhani nimesema foleti ni mbaya, na usidhani unaweza kuibadilisha na foliki ya dukani.

Wengine huniuliza kama waache sukuma na managu ama ugali wa unga wa paketi, juu tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na ngano wa viwandani uongezwe foliki, chuma na vitamini zingine. Hapana, usiache. Kiwango cha chakula ni kidogo na mgonjwa anahitaji kula. Tunaongelea tembe na sirapu.

Botezomibu, wengi wanaijua kwa jina la Velcade, ya mayeloma. Hapa kuna mambo mawili ambayo yamechunguzwa vizuri maabara na kwa panya. Chai ya kijani, hasa vidonge vyake vya kukolea, ina kemikali inayojishika moja kwa moja na botezomibu na kuifanya isifanye kazi, watafiti waliichapisha mwaka 2009. Vitamini C nayo kwa kiwango cha tembe ilionekana kuzuia dawa hiyo hiyo. Kwa hivyo ukiwa kwa Velcade, tembe za vitamini C na chai ya kijani weka kando, na usingoje mtu akuambie "lakini ni ya Nandi, ni ya asili". Chungwa moja ama kipande cha papai si tatizo.

Vinkristini. Hii inaumiza neva: vidole vinakufa ganzi, miguu inachomachoma, kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi, na choo kinafunga. Mgonjwa anakuja kwangu anataka Neurobion ama tembe nyingine za B1, B6 na B12, juu ndizo zinajulikana mtaani kwa ganzi. Shida ni kwamba B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaleta ganzi ile ile. Marekani wameweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku kwa mtu mzima na Ulaya mwaka 2023 wakashuka hadi 12. Ukimeza tembe ya 200 kila siku miezi na miezi na ganzi inazidi, daktari hatajua ni kemo ama ni tembe, na ataishia kupunguza vinkristini ambayo ilikuwa inamponya mgonjwa. Ganzi ikianza mwambie daktari, hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza, juu yeye anaweza kurekebisha dozi. Botezomibu pia inaleta ganzi, sheria ni hiyo hiyo. Na ukiwa kwa vinkristini usijinunulie dawa za fangasi za kumeza kama flukonazo ama itrakonazo, hizo zinafanya vinkristini ikae mwilini zaidi na sumu yake iongezeke.

Ila tafadhali, kama mgonjwa anatumia isoniazidi ya TB ama ya kuzuia TB, kile kidonge kidogo cha B6 alichopewa na kliniki aendelee nacho. Ni kidogo na kina sababu.

Doksorubisini na zile zingine zinazoua seli, kwa sehemu, kwa kuzichoma na oksijeni kali. Hapa ndipo kuna ubishi mrefu wa antioksidanti, yaani vitamini C, vitamini E, beta karotini, seleniamu. Wauzaji wanasema zinalinda mwili. Swali la busara ni: zinalinda mwili peke yake ama zinalinda na saratani? Mwaka 2008 watafiti wa New York walichukua seli za lukemia na limfoma wakazipa vitamini C kabla ya dawa, na zile dawa zikaua seli chache kuliko pale zilipotumika bila vitamini C, ikiwemo doksorubisini, vinkristini, methotreksati na hata imatinibu, na kwa panya wenye limfoma ikaonekana hivyo hivyo kwa doksorubisini. Panya si binadamu, sawa. Lakini upande ule mwingine ushahidi ni dhaifu vilevile, ile hadithi ya miaka ya 70 ya mwanakemia Linus Pauling, kwamba vitamini C nyingi inasaidia wagonjwa wa saratani, ilijaribiwa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani kwa wagonjwa wa saratani iliyoenea, matokeo yakatoka 1979 na 1985, na vitamini C ya kumeza haikuwasaidia. Sasa mimi nikiwekewa mezani kitu ambacho faida yake haijaonekana na hasara yake inawezekana, na kemo yenyewe imegharimu familia shamba, najua nitachagua nini. Weka tembe za antioksidanti kando mpaka kemo iishe.

Na ile dripu ya vitamini C ambayo kliniki zingine za kibinafsi zinauza, gramu nyingi kwa mkupuo mmoja, usikubali bila daktari wako wa saratani kujua. Huku kwetu kwa malaria watu wengi wana upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD na hawajui, na mtu kama huyo akipigwa dripu ya vitamini C nyingi chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Figo pia zinaweza kujaa mawe ya okisaleti. Tena glukomita zingine, vile vipima sukari vya kidole, zinasoma sukari vibaya baada ya dripu hiyo.

Tretinoini. Hii ni kwa aina moja ya lukemia kali ambayo damu inatoka ovyo mapema, kwa kifupi wanaiita APL. Dawa yenyewe ni ya familia ya vitamini A. Ukiongeza vitamini A ama mafuta ya ini la samaki juu yake unajaza kikombe kilichokwisha kujaa: kichwa kuuma vibaya, kutapika, macho kuona mawili mawili. Hapa hakuna mjadala, vitamini A hapana.

Imatinibu, Glivec, ya lukemia sugu. Meza na chakula na gilasi kubwa ya maji. Balungi na juisi yake acha, linapandisha dawa kwa damu.

Mayeloma na mifupa. Hii ni ile ambayo vitamini zinaandikwa na daktari mwenyewe. Mgonjwa akipigwa ile dripu ya mifupa ya zoledroniki asidi, kalsiamu kwa damu inaweza kushuka, kwa hivyo huandikiwa kalsiamu ya kumeza kama miligramu 500 na vitamini D yuniti 400 kila siku. Lakini mayeloma yenyewe wakati mwingine inamwaga kalsiamu kutoka mifupani mpaka inazidi kwa damu, na dalili ni kiu isiyoisha, kukojoa sana, kufunga choo, kuchanganyikiwa. Huyo ukimuongezea kalsiamu unamuumiza. Tofauti ya hawa wawili haionekani kwa macho, inaonekana kwa kipimo cha kalsiamu. Muulize daktari "kalsiamu yake iko ngapi leo?" kabla hujamnunulia tembe hata moja.

Hatua ya 4: elewa hiyo "damu imepungua"

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Damu ya mgonjwa wa lukemia ama wa kemo mara nyingi haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua juu uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, umejaa saratani ama umepigwa na kemo. Kumwaga chuma hapo hakufufui kiwanda. Halafu ukumbuke mgonjwa anaongezewa damu, na kila paini ina chuma karibu miligramu 200 hadi 250, wakati mwili unapoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku na hauna njia nyingine ya kutoa iliyozidi. Akiongezewa damu mara nyingi, chuma kinakaa kwa ini na kwa moyo. Wewe tena unaongeza sirapu juu.

Na sirapu nyingi za damu tunazouza zina chuma pamoja na foliki asidi na B12. Zile tembe za kliniki ya wajawazito nazo ni chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400 pamoja. Kwa hivyo mama mjamzito wa nyumba hiyo asigawe na mgonjwa, hata kama amebaki na nyingi.

Kama daktari amepima feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, na kweli chuma kiko chini, labda kwa sababu mgonjwa alitokwa damu sana ama alikuwa na minyoo, ataandika mwenyewe. Bitiruti na maini yaliyopikwa vizuri ni chakula, kula ukipenda, lakini usitegemee bitiruti ipandishe hemoglobini ya 5. Hiyo inataka damu. Afadhali nguvu ya familia iende kutafuta watu wa kutoa damu.

Hatua ya 5: panga masaa

Kuna vitamini zilizokubaliwa ambazo bado zinaharibu dawa zingine kwa kumezwa pamoja. Wagonjwa wetu wengi wa limfoma wako pia kwa ARV, na ARV za sasa zina dolutegraviri. Kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu zinajishika nayo tumboni na haiingii mwilini vizuri, virusi vinapanda. Meza dolutegraviri saa 2 kabla ya tembe hizo ama saa 6 baada yake. Kwa kalsiamu na chuma unaweza kuzimeza pamoja na dolutegraviri kama ni pamoja na chakula, tumbo tupu hapana. Sipro, antibiotiki ambayo wengine wanapewa kujikinga na maambukizi chembe nyeupe zikishuka, ina tabia hiyo hiyo, na hata maziwa peke yake usiyanywe nayo. Rahisi zaidi ni kuweka ARV asubuhi na kalsiamu ama chuma jioni, halafu uchore ratiba ubandike ukutani.

Watoto

Kila Mei na Novemba kuna Malezi Bora, watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A, waliopita mwaka wanapewa dawa za minyoo, na kuna chanjo walizokosa. Mtoto aliye kwa kemo asipelekwe tu na wenzake. Ile vitamini A ni dozi kubwa ya miezi 6, yuniti 200,000 kwa mtoto aliyepita mwaka, na kuna chanjo zilizo hai kama ya surua ambazo mtoto wa kemo hapaswi kupewa wakati huo. Uliza kliniki ya saratani kwanza. Mhudumu wa afya ya jamii akija mlangoni mwambie wazi: mtoto huyu ana saratani, yuko kwa kemo.

Kama mtoto ana sikoseli na saratani pia, inatokea, usikate foliki yake mwenyewe wala usiendelee kimya kimya. Daktari wa sikoseli na wa saratani waongee.

Wakati pleteleti, chembe za kugandisha damu, ziko chini

Ukiona mtu anatoka damu fizi, ana vidoa vyekundu miguuni, basi vitamini E ya dozi kubwa, mafuta ya samaki ya vidonge na vidonge vya vitunguu saumu vikae mbali, vinaweza kuongeza kutoka damu. Kitunguu saumu cha kupika mboga hakina neno.

Nywele

Kemo inatoa nywele na akina dada wanakimbilia biotini ya mikrogramu 5,000 ama 10,000. Haizuii nywele kutoka, zitarudi zenyewe baada ya kemo. Na biotini nyingi inaharibu majibu ya vipimo fulani vya maabara, vya tezi na hata vya moyo vile vinavyoitwa troponini, Marekani walitoa onyo juu ya hilo mwaka 2017. Mgonjwa wa doksorubisini ambaye moyo wake unafuatiliwa hataki jibu la uongo.

Chakula kitafanya nini

Pera moja lina vitamini C ya kutosha siku nzima na inabaki. Kwa hivyo ukienda soko la Kibuye na pesa ya chupa moja ya vitamini, utarudi na mapera, mayai, omena, ndengu, njugu na ndizi, na hivyo vina protini ambayo ndiyo mgonjwa wa kemo anakosa zaidi, kuliko vitamini. Akishindwa kula sahani nzima mpe kidogo kidogo mara sita. Uji uongezwe maziwa yaliyochemshwa, siagi ya njugu, yai likiwa limeiva kabisa. Akitapika kila kitu, uliza dawa ya kutapika, kuna nzuri, msivumilie tu.

Chembe nyeupe zikiwa chini, chakula kiive na kiliwe moto. Mursik na maziwa mabichi hapana, kachumbari ngoja kwanza, matunda oshwa na kumenywa nyumbani na si yale yaliyokatwa stendi. Unga wa majani uliokaushwa chini na kusagwa bila kuchemshwa una vijidudu ambavyo wewe huwezi kuhisi na mgonjwa vinamlaza.

Wiki ya kwanza ya kemo ya lukemia ama Burkitt ni tofauti kidogo, juu saratani nyingi inakufa kwa mpigo na potasiamu na fosfati zinamwagika kwa damu. Wakati huo asipewe chumvi za madini, vinywaji vya madini ama madafu kwa wingi bila wodi kukubali. Fuata maji wanayosema.

Venye utaongea na daktari

Najua foleni ya kliniki, najua unapata dakika chache. Nenda na karatasi. Muulize hivi: "Daktari, hii orodha ya anavyokunywa, kipi tuache leo? Kuna vitamini yoyote imeonekana kupungua kwa kipimo? Kama anahitaji, ni dozi gani na mpaka lini?" Mwonyeshe picha za lebo, si kumwambia "ile chupa nyeupe". Akisema aache, uliza tena kama ni kwa muda wa kemo yote ama siku za dawa tu. Andika jibu mbele yake. Akiwa na haraka mfamasia wa wodi ya kemo anaweza kukusaidia na mara nyingi ana muda zaidi. Na vitamini D ama B12 zikipimwa zikapatikana chini kweli, mgonjwa atibiwe, sijasema abaki na upungufu.

Kama ashakunywa

Usiogope na usifiche. Acha kile kitu ambacho si cha daktari, piga simu kliniki, sema jina, kiwango, na mara ya mwisho alikunywa lini. Usikose siku ya kemo kwa sababu ya hofu. Na usiache kitu ambacho hospitali imeandika, kama leukovorini, kalsiamu ya zoledroniki, B6 ya isoniazidi, prednisoloni, ati kwa sababu umesoma hapa.

Homa ikifika 38 kwa mtu wa kemo, hiyo si ya kununua Panadol ama vitamini C na kungoja asubuhi. Ni hospitali usiku huo huo, tafuta hata boda, tafuta jirani mwenye gari. Damu isiyoacha kutoka, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, vivyo hivyo. Hapo mlangoni sema neno "kemo" mara ya kwanza unapofungua mdomo ili wasikuweke foleni.

Baada ya kemo kuisha

Watu wanadhani siku ya mwisho ya dripu ndiyo ya kufungua makopo yote. Lukemia ya watoto ina tembe za nyumbani zinazoendelea, matibabu yote huenda miaka 2 hadi 3, na methotreksati ya kila wiki iko humo, kwa hivyo ile sheria ya foliki bado inasimama muda huo wote. Kwa wengine, subiri kliniki ya kwanza ya kufuatilia ndio muulize nini kinaruhusiwa. Kama aliongezewa damu mara nyingi omba feritini ipimwe kabla ya mtu yeyote kumnunulia chuma, na kama alipigwa prednisoloni muda mrefu uliza habari za mifupa na vitamini D. Vilivyobaki kwenye ule mfuko ambavyo daktari amekataza, vilete famasi tuviharibu vizuri, usimpe mgonjwa mwingine wa mtaa huo, juu yeye kemo yake hatujui ni gani.